Shati la kike lisilokaa vizuri: jinsi ya kutambua chanzo na kulirekebisha

Mwalimu anayeandika ubaoni Lindi mjini, muuguzi wa zamu ya mchana Masasi na karani wa chama cha msingi cha ushirika huko Tandahimba wakati wa msimu wa korosho, wote wanahitaji shati linalofungika bila kuvuta, linaloruhusu mkono kunyooka, na lisilomlowesha mvaaji jasho kabla ya saa nne asubuhi. Kulipata shati hilo ni kazi. Mashati ya kike huku Kusini hupatikana kwa njia tatu: mitumba, nguo mpya zinazoletwa kutoka Kariakoo, na kushonesha kwa fundi, na kila njia ina kasoro zake. Mwongozo huu unaanzia kwenye dalili, kisha unatafuta chanzo, kwa sababu dalili moja inaweza kuwa na vyanzo viwili vinavyotaka marekebisho tofauti, na fundi aliyeambiwa tu kwamba shati “linabana” atapanua mahali ambapo pengine hapakuwa na tatizo.

Namba ya kwenye lebo

Wanawake wengi hujilaumu wenyewe wanapoona kwamba namba 14 ya jana imewaenea na 14 ya leo haipiti mabegani. Lawama hiyo haina msingi. Mwaka 1939 na 1940 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliendesha kazi ya kuwapima wanawake wapatao 15,000 ili kupata vipimo vya nguo za viwandani, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1941, huku vipimo vya wanawake wasio weupe vikiachwa nje ya hesabu. Kutokana na vipimo hivyo kilitolewa kiwango cha kitaifa cha saizi mwaka 1958, nacho kikaondolewa mwaka 1983. Siku hizi kila kampuni hujipangia saizi zake, na ndiyo maana ndani ya belo moja la mitumba mashati mawili yenye namba sawa yanaweza kupishana kwa sentimita sita kifuani. Isitoshe, namba 12 ya Uingereza huandikwa 8 kwa saizi za Marekani, na 38 au 40 kwa saizi za Ulaya, kutegemea aliyeshona.

Lebo yenye manufaa zaidi ni ile ambayo wauzaji wengi huipita bila kuisoma, yaani ya nguo za China, kwa mfano 165/88A. Namba ya kwanza ni urefu wa mvaaji kwa sentimita, ya pili ni mzunguko wa kifua chake, na herufi inaeleza tofauti kati ya kifua na kiuno: Y ni sentimita 19 hadi 24, A ni 14 hadi 18, B ni 9 hadi 13, na C ni 4 hadi 8. Namba hizo ni za mwili wa mvaaji wala si za shati lenyewe. Mwanamke mwenye kifua cha sentimita 100 akiona 165/88A, na ajue kuwa shati hilo halikukatwa kwa ajili yake hata kama muuzaji anasema ni “eksi-eli”.

Badala ya namba, chukua vipimo vyako kwa futi kamba ukiwa umevaa sidiria unayoivaa kazini. Pima kifua cha juu, kamba ikipita chini ya makwapa na juu ya matiti, kisha kifua kamili, mahali palipojaa zaidi, kisha nyonga, kisha mgongo kutoka ncha ya bega moja hadi nyingine, na mwisho mkono wa juu katikati ya bega na kiwiko. Tofauti kati ya kifua cha juu na kifua kamili ndiyo yenye siri kubwa, kwa sababu ramani nyingi za mashati ya kike, yaani vielelezo ambavyo kitambaa hukatwa kwa kuvifuata, hukadiria kwamba tofauti hiyo ni kama sentimita 5. Aliye na sentimita 10 au 11 atasumbuliwa na karibu kila shati lililoshonwa tayari, awe mnene au mwembamba.

Shati linaachama katikati ya vifungo vya kifuani

Hii ndiyo dalili inayolalamikiwa kuliko zote, na ndiyo inayorekebishwa vibaya kuliko zote. Simama mbele ya kioo, shusha mikono, pumua kawaida, halafu tazama mikunjo ya kitambaa. Mikunjo ikitokea kwenye kifungo na kusambaa kuelekea kwapani na ubavuni, shati ni finyu kifuani. Ikiwa ukisimama hivyo shati linatulia, lakini uwazi unajitokeza ukikaa au ukigeuka, upana unatosha na kosa liko kwenye mpangilio wa vifungo.

Kosa la vifungo ni jepesi. Mashati mengi yana nafasi ya sentimita 7 hadi 9 kati ya kifungo na kifungo, na kiwanda hakijui kifua chako kiko wapi, kwa hiyo mara nyingi sehemu iliyojaa zaidi huangukia katikati ya vifungo viwili. Kwenye shati unaloshonesha, mwambie fundi aweke kifungo kimoja sawasawa na usawa wa sehemu hiyo kwanza, ndipo apange vingine kwenda juu na chini. Kwenye shati lililokwisha kushonwa, kifungo kidogo cha kubonyeza kishonewe kwa ndani kati ya vifungo viwili, upande wa chini na upande wa juu, bila uzi wake kutokeza nje.

Ufinyu ni jambo jingine, na hapo kifungo cha kubonyeza hakisaidii; kitambaa kitaendelea kuvutwa hadi mshono uanze kufumuka. Wengi humpelekea fundi na kumwomba “aachie” ubavuni. Mtazame fundi anapofumua mshono wa shati la kiwandani: ndani atakuta ukingo wa nusu sentimita au pungufu kidogo ya moja, umekatwa na kushonwa kwa ovaloki, na hakuna kitu cha kuachia. Shati lililoshonwa na fundi wa hapa, kama ni fundi anayefikiria kesho, huwa na akiba ya sentimita mbili au zaidi kila upande. Kwa sababu hiyo kuna kanuni mbili zinazokwenda kinyume. Ukinunua shati lililokwisha kushonwa, chagua linaloenea mahali palipojaa zaidi mwilini mwako, hata kama kiuno kinapwaya, kwa kuwa kupunguza kunawezekana daima na kuongeza ni kwa nadra. Ukishonesha, fanya kinyume chake: fundi akate mabega, shingo na mgongo kwa kufuata kifua cha juu, kisha aongeze upana kwenye badani la mbele, yaani kipande kikuu cha mbele, peke yake.

Nyongeza hiyo inakokotolewa hivi. Mwenye kifua cha juu cha sentimita 92 na kifua kamili cha 103 ana tofauti ya sentimita 11. Ramani imekwisha kuhesabu 5, kwa hiyo zimebaki 6, yaani sentimita 3 kila upande wa mbele. Upana huo ukiongezwa ubavuni bila zaidi, shati litakuwa gunia. Inabidi ulipiwe na mkunjo wa kushona, ule ambao mafundi huuita dati, unaotoka ubavuni ukielekea kwenye kilele cha titi na kukoma sentimita 2 au 3 kabla ya kukifikia. Dati likifika kwenye kilele chenyewe hutoa ncha inayochomoza, na huo ni ushahidi wa haraka ya fundi. Kitambaa cha mbele pia huongezwa urefu kidogo, kwa sababu kifua kilichojaa hula urefu kama kinavyokula upana.

Kama shati la kiwandani ni finyu na bado unalipenda, kuna njia ambayo mafundi wa kanzu wa pwani hii wanaifahamu tangu zamani. Kanzu haitegemei bahati; ina taharizi, vile vipande virefu vinavyotiwa ubavuni kuipa upana. Kipande cha aina hiyo, chenye upana wa sentimita 3 au 4 kwapani na zaidi kidogo chini, kikiingizwa kila ubavu kwa kitambaa cha rangi ileile au rangi iliyochaguliwa makusudi, huliokoa shati ambalo lingegawiwa. Kitambaa hupatikana kwa kukata mikono mirefu kuwa mifupi. Mikono iliyokatwa inatosha.

Ukiinua mkono, shati lote linapanda

Mwalimu akifika juu ya ubao, pindo la shati linatoka kwenye sketi. Mama akishusha ndoo kichwani, kiuno kinabaki wazi. Abiria wa bodaboda akimshika dereva bega, mkono wa shati unamkata kwapani. Kwa kawaida fundi akisikia malalamiko haya huchonga kwapa ili alishushe, na mteja huondoka akiwa na hakika kuwa amesaidiwa, kwa kuwa akisimama tu kweli anaona nafasi zaidi.

Hapo tatizo limeongezwa. Tundu la mkono likishuka chini, mkono wa shati unaunganishwa na ubavu mbali na bega. Mkono wa mtu ukipanda, lazima uubebe ubavu wote. Tundu likikaa karibu na kwapa, kiasi cha sentimita 2 tu chini yake, mkono unazunguka mahali pake na pindo linatulia. Basi ikiwa shati linapanda ingawa halikubani popote, chanzo ni kwapa lililoshuka, na ndivyo yalivyo mashati mengi ya kiume yanayovaliwa na wanawake. Utayatambua sokoni kwa vifungo: vya kiume hushonwa upande wa kulia wa mvaaji, vya kike upande wa kushoto. Shati la kiume halina dati, mabega yake ni mapana na nyonga zake ni nyembamba. Anayelipenda kwa sababu ya kitambaa chake kizuri, na kwa kweli mara nyingi kitambaa chake ni bora kuliko cha mashati ya kike, alinunue akijua kuna kazi ya kufanya.

Tiba ya kwapa lililoshuka ni kikwapa: kipande cha pembe nne, kila upande kama sentimita 8 hadi 10, kinachoshonewa chini ya mkono pale mishono minne inapokutana. Hii nayo ni maarifa ya kanzu. Kwapa haliwezi kupandishwa baada ya kukatwa, lakini kikwapa kinarudisha uhuru wa mkono, na hakionekani mpaka uunyanyue.

Usichanganye dalili hii na ile ya mkono wa shati unaobana kwenye msuli. Hiyo utaijua kwa alama nyekundu inayobaki ngozini jioni. Mkono wa juu unahitaji nafasi ya sentimita 4 au 5 zaidi ya kipimo cha mwili, na wanawake waliozoea kutwanga, kuchota na kubeba mara nyingi wana mikono ya juu ambayo viwanda havikuifikiria. Kwenye mkono mfupi, mpasuko mdogo wa sentimita 3 upande wa nje humaliza shida.

Mshono wa bega umeshuka mkononi

Ukishuka kwa sentimita moja au mbili, achana nao. Ukizidi hapo, fundi afumue kichwa cha mkono, apunguze bega na kuushona tena, kazi ambayo inalipa tu kama shati ni zuri sana. Sababu ya dalili hii ni kwamba viwanda vinapopanda saizi hupanua kila kitu kwa pamoja, ilhali mtu anayenenepa haongezeki mabega.

Vifungo vya juu vinafungika, cha mwisho kinakataa

Chanzo ni nyonga. Ukilipata shati la namna hii, usipande saizi. Fungua mishono ya ubavuni kuanzia chini kwa sentimita 10 hadi 15 na kukunja kingo zake ziwe mpasuo. Kwa anayevaa ushungi na kutaka shati lifunike nyonga, mpasuo peke yake hautoshi, na hapo taharizi zinarudi tena, safari hii zikianzia kiunoni. Urefu nao uangaliwe kabla ya kununua, kwa sababu mashati mengi ya kike yamekatwa mafupi kwa ajili ya kuchomekwa. Pindo la shati lililokwisha kukatwa linaongezeka tu kwa kuunga kitambaa, na maungio ya pindo huonekana.

Kola inarudi nyuma shingoni

Ukijikuta unalivuta shati mbele kila baada ya dakika chache, watu watakwambia shingo ni pana. Huenda si shingo. Badani la mbele likiwa fupi kwa kifua kilichojaa, kifua huvuta kitambaa na shati lote linateleza kwenda mgongoni. Ishara yake ni kwamba pindo la mbele liko juu kuliko la nyuma. Hili halirekebishiki kwenye shati la kiwandani isipokuwa kwa kupunguza nyuma, na kupunguza huko kunaleta ufinyu mgongoni. Mrudishie muuzaji.

Linakaa vizuri, lakini halivaliki kwa joto

Kuanzia Novemba hadi Aprili pwani ya Mtwara na Lindi ina joto na unyevu kwa pamoja, na shati lililokatwa sawasawa kabisa linaweza kuwa adhabu kwa sababu ya uzi wake. Pamba ikiwa kwenye hewa ya kawaida hubeba unyevu wa kama asilimia 7 hadi 8 ya uzito wake. Poliesta hubeba chini ya nusu asilimia. Ndiyo maana jasho kwenye shati la poliesta hubaki mgongoni mwa mtu, na kitambaa hunata. Kitambaa cha mchanganyiko, chenye poliesta 65 na pamba 35 kwa mia, hakikunjamani na hakihitaji pasi sana, na kwa aliyeko Newala juu ya uwanda, ambako hewa ni ya baridi kidogo, kinastahimilika. Mjini Mtwara mwezi wa Januari nisingekishauri.

Lebo ikiwa imekatwa, chomoa nyuzi chache kwenye mshono wa ndani na uzichome mbali na nguo. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Poliesta huyeyuka na kuganda kuwa punje ngumu nyeusi. Muuzaji anayekataa uzi mmoja uchomwe amekwisha kukujibu.

Nafasi ndani ya shati nayo ni sehemu ya ubaridi wake. Shati la kitambaa kisichovutika linahitaji kuzidi kifua kwa sentimita 8 hadi 10. Likizidi kwa 4 tu litafungika, utaweza hata kupiga picha nalo, lakini hewa haipiti. Lenye nyuzi kidogo za kuvutika linaweza kuwa na nafasi pungufu, ila likivutika ndipo linapoonyesha kila kitu, na mtumishi wa umma anayeukumbuka Waraka wa Utumishi Na. 3 wa mwaka 2007 kuhusu mavazi atapenda lile lenye nafasi.

Kuhusu shati jeupe linaloonyesha ndani, jibu ni fupi: sidiria nyeupe ndiyo inayoonekana. Vaa inayokaribiana na rangi ya ngozi yako.

Liliagizwa kwa simu, likafika na basi, halienei

Picha ya shati lililovaliwa na mwanasesere wa dukani haisemi lolote, kwani mara nyingi limebanwa kwa pini mgongoni. Kabla ya kutuma pesa, mwombe muuzaji alilaze shati juu ya meza likiwa limefungwa vifungo, apime kutoka kwapa hadi kwapa, na akutumie picha ya futi kamba ikiwa juu yake. Zidisha mara mbili. Mwenye kifua cha sentimita 100 anatafuta jibu la 54 au 55 kwenye meza. Omba pia upana wa pindo na upana wa mkono wa juu. Wapo wauzaji wanaoliona ombi hili kuwa ni usumbufu, lakini kurudisha mzigo Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara, ni usumbufu mkubwa zaidi, na nauli ya mzigo hairudi.

Kwenye mnada wa mitumba hakuna chumba cha kujaribia. Nenda umevaa fulana nyembamba isiyo na mikono, jaribu shati juu yake, halafu kumbatia hewa kwa mikono yote miwili kama mtu anayebeba gunia. Mgongo ukikaza, liache.

Lilienea siku ya kwanza, likabana baada ya kufuliwa

Kitambaa cha pamba ambacho hakijapunguzwa kiwandani kinaweza kusinyaa kwa asilimia 3 hadi 5 katika ufuaji wa kwanza. Kwa shati lenye mzunguko wa sentimita 108, asilimia 4 ni zaidi ya sentimita 4, yaani karibu nusu ya ile nafasi ya kupumua. Mitumba ina nafuu hapa, kwa kuwa kilichokuwa kisinyae kimekwisha kusinyaa kwa mwenye nguo wa kwanza. Ukipima leo, kipimo hicho kitabaki. Kitenge au pamba mpya unayompelekea fundi iloweke kwanza kwa usiku mmoja kwenye maji ya kawaida, ianike kivulini bila kuikamua kwa nguvu, na uipige pasi kabla haijakatwa. Fundi mwenye wateja wengi atataka kukata siku hiyohiyo uliyonunua kitambaa. Mwachie vipimo, na kitambaa umpelekee kesho yake.